Bustani Iliyobanwa Ukutani

Ukiona ukuta wa chumba chako unatoa jasho, usikimbilie kitambaa ukaufuta. Toka nje kwanza, zunguka nyuma, kaangalie upande wa pili umeegemezwa nini. Nasema hivi kwa sababu siku hizi kila mwenye kijisehemu cha kugeuzia miguu anataka bustani ya mboga, na ni jambo jema, silipingi. Zangu mimi zilikuwa zinatolewa mfano mtaa mzima. Ila kabla hujapanga hata gunia moja, soma haya yaliyotupata, halafu ndiyo ushike koleo.

Nyumba yetu aliijenga baba mkwe, Mungu amrehemu. Mlango wa mbele unafungukia barabarani. Kulia na kushoto ni majirani, tumebanana kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwao tunaitikia sisi. Ardhi tuliyobakiwa nayo ni uchochoro wa nyuma tu, kati ya ukuta wa vyumba vya kulala na uzio wa mabati. Upana wake ukitandika mkeka umekwisha. Hapo ndipo tulipokuwa tunaanika nguo na kuosha vyombo, na baiskeli mbovu ya marehemu imelala huko mpaka kutu imeila.

Mume wangu ni fundi cherehani. Watu wanamwita Bwana Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Anakula nayo, anaenda nayo msibani, na nisipomwangalia anaoga nayo. Sifa yake kubwa ni kubana kitambaa. Mteja analeta kipande ambacho mafundi wote wamekikataa, yeye anakilaza, anakigeuza, anakipindua, mwisho gauni linatoka na mabaki yanatosha kilemba. Kwa Bwana Tepu nafasi iliyobaki wazi ni hasara. Akiona kipande kimetupwa sakafuni anaumwa kama amekanyaga mwiba.

Sasa binti yetu alipojifungua mtoto wa kiume, akaja kukaa kwetu, maana mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu na kule kwao hakuna hata wa kumpa maji ya moto. Tukampa chumba cha nyuma, chenye dirisha la uchochoroni, kwa sababu kina hewa. Kitanda tukakisogeza hadi ukutani chini ya dirisha. Nesi wa kliniki akamwambia damu yake iko chini, ale mboga za majani kila siku, asiruke hata siku moja.

Kesho yake asubuhi nikamkuta Bwana Tepu uchochoroni amepiga magoti. Tepu iko chini, chaki ya kushonea mkononi, anachora mistari kwenye udongo mpaka inapanda ukutani.

"Unakata nini huko?" nikamuuliza.

"Nakata shamba," akasema bila kugeuka. "Shika ncha hii. Vuta. Usilegeze."

Nitasema ukweli, mpango wake ulikuwa mzuri. Alikaa pale siku nzima anaangalia jua linapita wapi, akagundua kwamba uzio una kivuli karibu muda wote lakini ukuta wa nyumba unapata jua tangu asubuhi hadi alasiri. Kwa hiyo magunia akayapanga mstari mmoja kando ya ukuta. Kila gunia limejazwa udongo na samadi, katikati limepitishwa bomba la mawe madogo ili maji yashuke hadi chini. Ubavuni limetobolewa matundu ya spinachi, juu limepandwa nyanya. Nyanya zenyewe akazifunga nyuzi zake za kushonea, akazipandisha kwenye misumari aliyopigilia ukutani. Mbele ya magunia akaweka matairi ya mchicha na vitunguu. Mchicha hakuumwaga wote siku moja. Tairi hili wiki hii, lile wiki ijayo, ili tusikose na pia usituzidi ukaoza. Kwenye uzio, penye kivuli, akaning'iniza chupa za plastiki zilizokatwa, akapanda giligilani. Njia ya kupita ikabaki ya mguu mmoja. Ukibeba beseni unapita ubavu ubavu kama kaa.

Na maji? Maji hatukununua ya ziada. Nyumba yenye mtoto mchanga ni nyumba ya kufua. Maji ya kusuuzia nepi, maji ya kumwogesha mtoto, maji ya kuoshea mchele, yote yalikwenda kwenye magunia, asubuhi, mchana na jioni.

Mimi kitu kimoja tu nilikisema siku ile ile.

"Baba watoto, mbona magunia umeyabandika ukutani hivyo? Acha nafasi hata ya kupitisha ufagio."

"Nafasi ya nini?"

"Itakuwaje ukuta ukilowa?"

Wifi yangu, dada yake Bwana Tepu, anakaa nyumba ya pili na hakosi kuwapo pasipomhusu. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti anakula karanga. Akacheka mpaka akapaliwa. "Mama Itakuwaje kaanza!" Hilo ndilo jina alilonipa tangu nilipoolewa. Anasema mimi nikiamshwa usingizini neno langu la kwanza ni itakuwaje. "Wifi, hata mboga hazijaota umeshafiwa nazo!"

"Ukuta huu ni wa tofali za udongo," nikasema. "Hazikuchomwa. Mimi nilikuwepo marehemu baba alipopanua dirisha hili, nimeliona tofali kwa macho yangu. Ukilitia maji linakuwa uji."

"Una plasta ya saruji nje na ndani," akasema Bwana Tepu. "Plasta ni koti la mvua."

"Koti la mvua hulioshi mara tatu kwa siku!"

"Mama watoto, nikiyasogeza magunia mbele, matairi yanakosa pa kukaa. Nikiyaweka matairi, njia inakufa. Hapa kitambaa kimeisha. Unataka nikate wapi?"

Nikaingia zangu ndani. Si kwamba nilikuwa nimekubali, nilikuwa nimechoka. Anayejua kuishi na fundi anaelewa.

Mboga zikaota. Jamani, zikaota! Spinachi ilikuwa na majani kama masikio ya tembo. Nyanya zilipanda zikafika chini ya paa. Binti alikula, akarudi kliniki, nesi akamwambia damu imepanda, endelea hivyo hivyo. Mjukuu wangu, ambaye mimi namwita mume wangu, akanenepa mashavu. Watu wakaanza kuja kuchungulia. Bwana Tepu akawa hashoni tena, kazi yake ni kupokea wageni na tepu shingoni, anaonyesha kama mwenye makumbusho.

Ukuta nao ukaanza kusema.

Kwanza ilikuwa kalenda. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda cha binti. Siku moja ikadondoka, na msumari ukaja nao. Nikauokota, nikaurudisha kwenye tundu lake kwa kidole. Kwa kidole! Uliingia kama unaingia kwenye ndizi mbivu. Nikamwita Bwana Tepu. Akaja, akaangalia, akasema, "Msumari mfupi." Akaleta mrefu.

Kisha ukatoka unga mweupe kama chumvi, pale chini karibu na sakafu. Nikiufuta leo, kesho upo. Halafu jasho. Halafu harufu, ile ya udongo mvua inapoanza, ila humu ndani na jua linawaka. Nguo za mtoto zilizokuwa kichwani pa kitanda zikaanza kunuka uvundo.

"Binti, hamia chumbani kwetu," nikamwambia. "Sisi tutalala sebuleni."

"Mama, chumbani kwenu ni tanuri. Na sebuleni baba atakoroma, mkoromo wake unapita mlango. Hapa kuna hewa."

"Hewa gani hii? Huisikii harufu?"

"Mwanao nafua nepi kutwa, nyumba inukie nini? Waridi?"

Nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi kama mtungi. Kuanzia siku hiyo nikawa naweka kiganja kila asubuhi nikiamka, kabla sijaosha uso. Wakanicheka. Wifi akasema ninaupima homa.

Mimi nilidhani kitakachowaamsha ni kile kijani. Nilikuwa nafagia chini ya kitanda, nikaona kitu cha kijani ukutani, kwenye ufa mdogo. Nikainama. Ulikuwa mche wa mchicha. Una majani mawili na shina jekundu, umejitokeza ndani ya chumba, umeelekea dirishani unatafuta mwanga. Mbegu sijui ilipitia wapi. Nikapiga kelele wakaja wote.

Nikasema moyoni, sasa wataona.

Bwana Tepu akainama akauangalia. Akanyooka, uso umemng'aa. "Hata ndani unaota!" akasema. "Udongo wetu una rutuba, jamani."

"Kaka, shamba limeongezeka," akasema wifi. "Ungepiga na tepu chini ya kitanda, hapa matuta mawili yanatosha."

Wakacheka, na binti akacheka, na mtoto akaona watu wanacheka akacheka na ufizi wake mtupu. Mimi nikakaa kwenye stuli nikashika kichwa. Nieleze, ndugu msomaji, ungefanya nini na watu kama hao?

Nikasema basi, mimi sisikilizwi, nimlete fundi mwashi. Anakaa mtaa wa nyuma, mtu mzima, amejenga nusu ya nyumba za huku. Nikamwambia Bwana Tepu amwite, akakubali haraka mno. Ningeshtuka hapo hapo. Mwashi alipofika, hakupelekwa chumbani. Alipelekwa kwanza uchochoroni. Akaonyeshwa spinachi. Akachumiwa fungu. Akaonyeshwa nyanya. Akachumiwa nyanya. Mpaka anaingia chumbani, mikono yote miwili imejaa mboga, hana wa kuugusia ukuta.

"Hii ni plasta imechoka tu," akasema.

"Fundi, si plasta, ni maji," nikamwambia. "Yanatoka kwenye magunia huko nyuma."

"Ndiyo, mama, nimekusikia. Tutaupiga koti jipya, zito, na saruji ya kutosha. Halitapita tone."

"Halitapita kuja ndani. Na hayo yaliyomo katikati yataenda wapi?"

Akamwangalia Bwana Tepu. Bwana Tepu akamwangalia yeye. Mnajua jinsi wanaume wanavyoangaliana mwanamke anapouliza kitu ambacho jawabu lake ni kazi? Hivyo.

Akapiga plasta mpya. Ujira wake ukawa mboga, akawa anapita kila baada ya siku chache na kikapu. Kwa hiyo bustani ikawa inaubomoa ukuta, na bustani hiyo hiyo inamlipa mtu wa kuufunika. Nilikuwa nikimwona anachuma, mkono wangu wenyewe unanipa tabu kuuzuia.

Lakini ukuta ulipendeza. Ulikuwa laini, wa kijivu, kama sahani. Jasho likakoma, chumvi ikakoma. Wifi akapita na kidole akasema, "Haya Mama Itakuwaje, umebakiwa na nini?" Nilikuwa naweka kiganja asubuhi, pakavu. Nikaanza kujiuliza kama labda ni mimi. Labda kichwa changu ndicho kinachotoa jasho.

Kisha ukuta ukaota tumbo.

Chini ya dirisha, usawa wa mto wa kulalia, plasta mpya ilianza kuvimba kuja ndani. Kidogo kidogo. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia kama debe tupu, kumbe nyuma si tupu, kuna matope. Nikachukua tepu ya mume wangu alipokuwa amelala, nikapima kutoka ukingo wa dirisha. Nikapima tena siku nyingine, limeongezeka. Nikamwonyesha.

"Tepu yako mwenyewe inasema!"

"Umevuta vibaya," akasema. "Tepu ina namna yake ya kuvutwa."

"Baba watoto, mwanao na mjukuu wako wamelala hapa. Kichwa kiko hapa." Nikauweka mkono wangu kwenye mto, kisha nikauweka kwenye tumbo la ukuta. Hakuna hata shubiri kati yake.

Nikaona ameguswa. Akakuna shingo chini ya tepu. "Sawa. Nitayahamisha. Lakini nyanya ndizo zinaiva sasa. Na Jumamosi kikundi cha akina mama kinakuja kujifunza, dada ameshawaalika. Wakishaondoka, Jumatatu yake nahamisha kila kitu."

"Na kitanda?"

"Kitanda kitahamia wapi? Upande ule kuna kabati. Jumatatu, mama watoto. Nimesema Jumatatu."

Jumamosi Bwana Tepu aliamka mapema kuliko wote. Alitaka mboga zing'ae wageni wakifika. Akamwagilia. Akaona majani yana vumbi, akayaosha kwa kopo, jani moja moja. Akaona gunia la mwisho limesinyaa kidogo, akaliongezea ndoo. Mimi niko jikoni nasikia maji yanavyolia chwaa, chwaa.

Nikaenda chumbani kwa binti kuweka kiganja. Sikuhitaji. Kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni kulikuwa na ufa ulioingia kidole changu, na jana yake haukuwepo. Juu ya shuka kulikuwa na punje za udongo, mbichi. Binti amekaa kitandani ananyonyesha, amechoka, mtoto alikuwa amekesha.

"Mwanangu, toka hapa sasa hivi."

"Mama, nakuomba. Ndiyo anashika usingizi."

"Tazama ufa!"

"Nimeuona. Baba amesema Jumatatu. Mama, sijalala. Niache nilale kabla wageni hawajaanza makelele." Akamlaza mtoto upande wa ukutani, ili asidondoke. Upande wa ukutani! Akajilaza naye, akafumba macho.

Nikatoka nje kumtafuta baba yake. Amevaa shati la kutokea, yuko mlango wa mbele, wageni wanaanza kufika, wifi anawapangia viti. Nikamshika mkono. Akaninong'oneza, "Si mbele za watu, mama watoto. Si leo."

Nikarudi ndani. Karibu na bafu palikuwa na beseni la maji ya kusuuzia nepi, yanasubiri kupelekwa kwenye magunia. Nikalibeba. Nikaingia chumbani, nikalitua ukingoni mwa kitanda, nikamnyanyua mume wangu mdogo kwa mkono mmoja nikamweka begani, na kwa mkono mwingine nikaliinamisha lile beseni, nikalimwaga lote kitandani.

Binti aliruka kama ameungua. "Mama! Mama umekuwaje?"

Kelele zake zilijaza nyumba. Mtoto naye akaanza. Wifi akafika wa kwanza, Bwana Tepu nyuma yake, na nyuma yao vichwa vya akina mama viwili vitatu vinachungulia. Maji yanachuruzika kutoka kwenye godoro, binti amelowa mpaka nywele, analia, mimi nimesimama na beseni tupu.

"Amemwagia maji mzazi!" wifi akasema. "Mzazi! Na hao wageni wanaona!"

"Si wewe unayelalamika maji, maji, kila siku?" Bwana Tepu akaniuliza. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwake. "Leo umeyamwaga mwenyewe ndani?"

"Godoro limelowa," nikasema. "Hapalaliki. Litolewe nje mbele likauke. Binti aende chumbani kwangu."

"Huyu anaumwa," wifi akawaambia wageni. "Ni mawazo. Tangu nimjue."

Nikamhamishia mtoto bega la pili. Waniite wanavyotaka. Wakalibeba lile godoro la sponji, zito kama ng'ombe, linadondosha maji sebule nzima, wakalisimamisha mbele ya nyumba. Binti akaenda chumbani kwangu akafunga mlango kwa kishindo. Aliniambia neno moja akipita, sitaliandika, amekwisha kuniomba radhi. Mimi nikakaa kwenye kiti nje ya mlango wake na mtoto begani, kama askari.

Bwana Tepu akawapeleka wageni uchochoroni ili wasahau. Wakajipanga kando ya uzio ubavu ubavu, mmoja nyuma ya mwenzake, maana ndivyo njia inavyotaka. Mimi nilikuwa namsikia kupitia nyumba. Sauti ilikuwa imemrudia.

"Ndugu zangu, msiseme hamna ardhi. Ardhi ni kama kitambaa. Siri ni kubana. Mnaona magunia haya? Yamekaa ukutani kama suti mwilini. Hakuna nafasi iliyopotea. Hata mkono haupi—"

Sikusikia mlio mkubwa kama nilivyokuwa nikiota. Ulikuwa mlio mzito, wa kulegea, kama mtu mnene ameketi kwenye kochi. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Magunia yalikuwa yanaingia chumbani moja baada ya jingine, kwa mgongo, kama watu wanaorudi nyuma kumpisha mkubwa. Kisha dirisha likafuata na fremu yake, na vioo ndivyo vilivyopiga kelele.

Halafu akina mama wote wakapiga yowe kwa pamoja.

Nilipofungua mlango wa kile chumba niliwaona uso kwa uso, wao nje na mimi ndani, hapakuwa na ukuta kati yetu. Hakuna aliyeumia. Ukuta ulikuwa umeangukia ndani, na paa lilibaki juu kwa sababu mbao zake zimekalia kuta za pembeni. Bwana Tepu alikuwa amesimama na mkono bado hewani, ule aliokuwa anaonyeshea. Alikuwa anaangalia kitanda. Chaga zilikuwa zimevunjika katikati. Mahali pa mto palikuwa na gunia la spinachi, limelala ubavu, majani yake yanang'aa maji, na juu yake matofali, ambayo si matofali tena, tope tu lenye kumbukumbu ya pembe.

Akainua macho akaniona na mtoto begani. Kisha akaivua tepu shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni. Tumeishi miaka mingi na sijawahi kumwona mchana bila tepu. Shingo yake ilionekana nyembamba.

Binti alitoka nyuma yangu, akaangalia, akakaa chini pale pale sakafuni. Akanishika mguu. Mimi sikumwambia, "Nilisema."

Wifi ndiye aliyesema. Akainama, akapukutisha tope, akaokota. "Lakini nyanya hazijapondeka zote."

Sasa mnieleweshe mimi. Watu walipokuja kutupa pole, kila mmoja alisema Mungu mkubwa, na mimi nasema amina, ni kweli mkubwa. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema, na yule mama aliyemwaga maji je? Mwashi alikuja na kikapu chake kitupu, akatikisa kichwa, akasema alijua tangu mwanzo. Na Bwana Tepu, tepu imerudi shingoni, anawasimulia wateja, "Tuliona dalili, tukawatoa mapema." Tuliona. Tukawatoa. Nikiwa sebuleni nachambua mchele nasikia hayo, nafunga macho nahesabu punje.

Ukuta umejengwa upya, wa tofali za kuchoma, na bustani ipo, maana binti bado anahitaji majani. Magunia ni machache, yako upande wa uzio, yamesimama juu ya mawe ili maji yatoke chini na yasituame. Hayapati jua lote, kwa hiyo nyanya tumeziacha, tunapanda spinachi na mchicha, vinavyovumilia kivuli. Kando ya nyumba tumeacha njia ya mtu na ufagio wake, na maji yana mfereji wa kuyapeleka mtaroni. Mboga si nyingi kama zile. Zinatosha. Wewe unayesoma, kabla hujaegemeza chochote chenye maji kwenye nyumba yako, toboa kidogo ujue chini ya plasta kuna nini. Ukiwa na mtu ndani anayesema itakuwaje, mjibu. Usimcheke, mjibu.

Ila nami nimepata ninachostahili. Bwana Tepu ameingiwa na hofu. Kila kitu sasa hakigusi ukuta. Kabati amelivuta, kochi amelivuta, kitanda chetu amekiweka katikati ya chumba kama jeneza, ukiamka huna pa kushika, nimeshagonga ugoko mara ngapi sijui. Jana nimekisukuma nikakirudisha ukutani. Alipoingia akasimama mlangoni, akauweka mkono shingoni kwenye tepu.

"Mama watoto," akasema, "itakuwaje ukuta ukipata unyevu?"

Nikamwangalia. Nikakivuta kitanda nikakirudisha katikati. Asubuhi tuliamka wote wawili, yeye upande wake na mimi wangu, tukaenda kuweka viganja ukutani.